GOR MAHIA WAMEFIKA KIGALI, WAJIR JE?

Ukinikuta nimevaa jezi ya kijani hapa shuleni usinicheke. Mashabiki wa Arsenal na Manchester United wamejaa mabwenini kama nzige, na wala siwaonei gere. Mimi ni K'Ogalo damu. Wapo wanaoniuliza, "Wewe Msomali wa Wajir, Gor imekuwa ya kwenu tangu lini?" Jibu langu ni moja tu: tazameni waliosajiliwa, kisha mniambie hiyo ni timu ya nani.

Ni kweli Gor ilizaliwa mwaka 1968 baada ya Luo Union na Luo Stars kuungana. Hilo halina ubishi. Lakini mfungaji wetu hodari wa mwaka 2014 alikuwa Dan Sserunkuma, Mganda. Beki wa kushoto, Godfrey Walusimbi, Mganda. Mwaka 2015 wakaja Khalid Aucho, Mganda tena, na Meddie Kagere wa timu ya taifa ya Rwanda. Mwaka 2016 akafuata Jacques Tuyisenge, naye wa Rwanda, yule yule aliyewatia Everton bao mjini Dar es Salaam Julai 2017. Tulishindwa 2-1, Wayne Rooney akafunga lake kutoka mbali, lakini nani alijali? Siku hiyo hata wale wa Arsenal walikuwa Gor.

Sasa nije kwa yule ninayemwona kuwa chaguo bora kuliko wote: Michael Olunga. Huyu hakutolewa ng'ambo. Alisoma Upper Hill School, akachezea Thika United, akafika Gor mwanzoni mwa 2015. Alikaa msimu mmoja tu! Mabao 19 ya ligi, na Gor ikawa bingwa bila kushindwa hata mechi moja, jambo ambalo mara ya mwisho lilikuwa limetokea 1976. Na wakati huo alikuwa akisomea uhandisi katika chuo kikuu. (Walimu wanaotuambia ati mpira huua masomo, naomba mlisome tena hilo.) Kutoka hapo akaenda Uswidi, China, kisha Uhispania, ambako Januari 2018 aliifungia Girona mabao matatu katika mechi moja. Kule Japani, mwaka 2020, alifunga 28 akatangazwa mchezaji bora wa ligi.

Malalamiko yangu kwa viongozi wa Gor ni kwamba wanajua kuchagua lakini kutunza hawajui. Sserunkuma alikwenda Simba. Walusimbi, Kaizer Chiefs. Tuyisenge, Angola. Kagere alipokwenda Simba mwaka 2018 akawa mfungaji bora wa Tanzania misimu miwili mfululizo, mabao 23 kisha 22. Ni kama mtu anayenunua ngamia wa maziwa, akishaanza kukamwa anamwachia jirani. Madeni nayo yakazidi mpaka FIFA ikawazuia kusajili kwa muda. Na nani aliwasaidia? Vijana. Benson Omala, aliyetoka Kisumu Day, alifunga bao juu ya bao, na ubingwa wa 2022/23 ukarudi nyumbani.

Hapo ndipo swali langu linapoanzia. Olunga na Omala wote wawili walipitia mpira wa shule. Mimi sikumbuki hata mmoja aliyesajiliwa na Gor kutoka Wajir, Mandera au Garissa. Tukiambiwa ni umbali, Kigali iko mbali na Nairobi kuliko Wajir. Tukiambiwa hatuna nyasi, sawa, tunacheza kwenye mchanga na jua la saa tisa. Lakini mtu anayeweza kukokota mpira kwenye mchanga, mpe nyasi uone!

Wacha niseme na la upande wetu. Walimu wengi wasio wenyeji walipohamishwa mwaka 2020 kwa sababu ya usalama, shule hazikupoteza hisabati na fizikia peke yake. Zilipoteza pia wale waliopuliza filimbi jioni. Timu nyingi zimebaki kujifundisha zenyewe, zinaamka wiki mbili kabla ya mashindano, halafu tunashangaa tukifungwa matano. Wazee nao wengine wakimwona kijana na mpira wanaona uvivu mtupu.

Kwa hivyo naomba mambo mawili. Mashindano ya kanda yetu yakifanyika, Gor, au hata Leopards kama Gor hawataki, watume mtu mmoja mwenye kalamu na daftari. Nauli ya basi haiwezi kushinda bei ya mshambuliaji wa kutoka nje. Na hapa shuleni, tupewe mwalimu wa michezo na mipira sita kuanzia muhula wa kwanza. Tuliyo nayo sasa ni miwili, na mmoja una pancha.