MTOTO WA MIAKA TISA HANA "NAMBA" YAKE BADO (Sehemu ya 1)

Leo sizungumzii chanjo wala uji. Nazungumzia michezo, maana msimu huu nimeona vifundo vingi vya magoti na viwiko wodini.

Kuna kitu kimeingia hapa mjini. Mtoto ana miaka tisa, baba ameshaamua: "Huyu ni straika." Au ni mwogeleaji. Au, kwa huku kwetu Upanga jioni mpira wa tenisi unaporuka kati ya maghorofa, "huyu ni mtupaji wa kriketi." Basi, mazoezi ni hayo hayo kila siku, Jumapili hadi Jumapili. Mimi napinga, na nina mtu wa kuwaonyesha.

Anaitwa Collins Obuya, Mkenya. Kwenye kriketi kuna anayetupa mpira na kuna anayeupiga kwa gongo. Anayeweza vyote ndo mchezaji wa pande zote. Kijana huyu, aliyewahi kuuza nyanya Nairobi kama vijana wetu wa Kariakoo, aliingia Kombe la Dunia la 2003 kama mtupaji wa mipira ya kuzunguka. Tarehe 24 Februari, pale Nairobi, akawatoa wapigaji watano wa Sri Lanka kwa mikimbio 24 tu. Kenya ikashinda. Sri Lanka hao walikuwa mabingwa wa dunia 1996! Kenya ikafika nusu fainali, na Obuya akapata mkataba Uingereza, klabu ya Warwickshire.

Hadithi nyingi zingeishia hapo kwa vigelegele. Ya kwake haikuishia hapo. Utupaji wake haukurudi tena kuwa kama wa 2003. Jamani, fikirieni: kitu kilichokupa jina dunia nzima kinakukimbia, na wewe bado uko katika miaka ya ishirini na kidogo.

Alifanyaje? Akashika gongo. Yule aliyekuwa anaingia kupiga mwishoni-mwishoni akajijenga kuwa mpigaji. Kombe la Dunia la 2011, Kenya ilikutana na Australia, waliokuwa wamebeba kombe mara tatu mfululizo. Obuya akasimama hadi mipira ikaisha, ana mikimbio 98 na hajatolewa. Mbili tu zilibaki afike mia. Kenya ilifungwa, ndiyo, lakini mtu alikuwa amezaliwa upya. Baadaye akawa nahodha, na akastaafu 2024 akiwa na miaka 42.

Mnanielewa? Kama angejua kutupa tu, safari ingeishia njiani. Kitu cha pili ndo kilimbeba.

Sasa tuje kwenye mwili, hapo ndo kazi yangu. Mifupa ya mtoto ina sehemu laini karibu na viungo, ndo inakokulia. Ukirudia mwendo ule ule kila siku, bega lile lile, goti lile lile, sehemu hizo zinachoka kabla hazijapona. Mtoto anayebadilisha michezo anagawa mzigo: leo miguu, kesho mikono. Kwa hiyo:

👉 Siku moja au mbili kwa wiki apumzike kabisa. Sio "mazoezi mepesi". Kupumzika.
👉 Acheze angalau michezo miwili, hata kama mmoja ni rede au kuruka kamba uani.
👉 Akichechemea, kiungo kikivimba, au maumivu yakimwamsha usiku, mlete hospitali. Tafadhali msimchue na dawa ya moto. Kama kuna ufa kwenye mfupa, unauongezea shida.

Najua wengine mtasema, "Nesi, bila kuanza mapema hatafika." Kuanza mapema sina shida nako. Nina shida na kufunga milango mapema. Na wengine mtasema kriketi sio mchezo wetu. Fatuma Kibasu ameiongoza timu ya wanawake ya Tanzania, na vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Ni wetu kabisa, wa kike na wa kiume.

Mtoto wa miaka tisa anatakiwa atupe, apige, akimbie, adake, aanguke, acheke. Namba yake ataijua akikua, na hata akishaijua inaweza kubadilika. Mzazi, usimchagulie kitu kimoja halafu ukamkasirikia mwili wake ukikataa.

Niambieni hapo chini: wa kwako anacheza nini, na anapumzika siku ngapi kwa wiki? Sehemu ya 2 nitajibu maswali yenu ya magoti. Usiku mwema. 💚