Dozi Ifuate Mgonjwa

Mwanamume wa Njoro au Molo ambaye saratani ya tezi dume imesambaa hadi mifupani anastahili sindano ya dawa ya mionzi iliyopimwa kwa mwili wake, tena karibu na kwao.

Kwa kawaida dawa hiyo, yenye lutetiamu-177, hutolewa kwa kipimo kilekile cha mionzi, gigabekereli 7.4 kila wiki 6, awe mgonjwa ana vivimbe vichache au mifupa tele iliyoathirika. Picha za baada ya sindano huonyesha mionzi iliyonasa kwenye uvimbe na ile iliyofika kwenye figo na uboho. Kuzipiga kisha kuzifungia kabatini, badala ya kuzitumia kupima dozi inayofuata, ni ubadhirifu.

Nakuru, iliyo karibu nao, ina kituo cha saratani, lakini tiba hii hufuatwa Nairobi, kilomita 160 hivi, safari ndefu kwa mgonjwa anayeumwa mgongo.

Wanaosimamia huduma za saratani walete kamera za kupiga picha hizo na wataalamu wa fizikia ya tiba Nakuru, na bima ya umma ilipie dozi pamoja na picha.