Kabla hujauza shamba kufuata kazi ya chuo kikuu

MTU aliyekwisha vuka miaka 40 katika kata kama Kurui, wilayani Kisarawe, akichoka na muhogo usio na mnunuzi na korosho zinazosubiri mnada ghalani, mawazo yake huelekea kwenye mshahara. Na kwa jinsi wilaya hii ilivyokaa jirani na Jiji, mshahara huo mara nyingi ni wa chuo kikuu. Mlimani kupo. Muhimbili wana kampasi Mloganzila. Chuo Kikuu Huria kina eneo lake Bungo, Kibaha. Hata basi la Kisarawe linaloshuka Pugu hupita Gongo la Mboto, ambako kuna chuo kikuu chenye asili ya Kampala.

Wazo lenyewe si la kipuuzi. Chuo kikuu si wahadhiri peke yao. Kina masijala, stoo, maktaba, mabweni, magari, ofisi ya udahili na dirisha la mhasibu, na kote huko kunatakiwa watu makini wanaojua kutunza karatasi na kuongea na vijana. Mama aliyeendesha duka la pembejeo kwa miaka 15 bila kupoteza daftari la mikopo ana ujuzi ambao stoo ya chuo ingeuhitaji.

Tatizo ni njia anayoichukua. Anauza ekari mbili za mikorosho, tena kwa haraka, maana wanunuzi wa mashamba kutoka Dar es Salaam hawakosekani, fedha anazipeleka kwenye ada ya cheti na stashahada, halafu siku ya kuomba kazi ndipo anasoma masharti ya tangazo. Sisi tunasema masharti yasomwe kwanza.

Nafasi za kudumu katika vyuo vikuu vya umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa niaba ya vyuo. Katika matangazo hayo sharti la kwanza kabisa huwa ni kwamba mwombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa walioko serikalini. Wengi huliruka sharti hili wakikimbilia sifa za elimu.

Kwa nini 45 na si 50? Piga hesabu. Mtumishi wa kada za utawala hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na anaweza kuondoka kwa hiari akifika 55. Maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa ndio waliosogezewa hadi 65 mwaka 2018. Mfuko wa PSSSF nao, uliozaliwa mwaka huohuo kwa kuunganisha mifuko minne, unamtaka mwanachama awe amechangia miezi 180 ndipo alipwe pensheni ya kila mwezi. Miezi 180 ni miaka 15. Toa 15 katika 60, unabaki na 45 kamili.

Sasa mchukue mtu mwenye cheti cha kidato cha nne na ufaulu unaotakiwa, anayetaka kuwa mtunza kumbukumbu. Atasoma cheti mwaka mmoja na stashahada miaka miwili, tuseme katika Chuo cha Utumishi wa Umma. Akianza akiwa na miaka 40, atamaliza na 43 na atakuwa na miaka miwili ya kubahatisha usaili, ambao huitwa watu wengi kuliko nafasi. Akianza akiwa na 43, atamaliza na 46. Huyo ameuza shamba bure kwa habari ya ajira ya kudumu serikalini, hata kama ameongoza darasa. Miche bora ya mikorosho iliyopandwa siku aliyoanza masomo ingekuwa imeanza kuzaa siku hiyo ya mahafali.

Kwa mwenye haraka, udereva una njia fupi zaidi: kidato cha nne, leseni ya daraja linalotakiwa, mafunzo ya msingi ya udereva ya VETA au NIT, na uzoefu wa walau mwaka mmoja bila kusababisha ajali. Lakini umri ni uleule.

Mwenye cheti cha darasa la saba pekee asidanganywe na mtu. Tangu Mei 20, 2004 utumishi wa umma haupokei mwajiriwa mpya asiye na kidato cha nne. Na njia ya kununua cheti tuliiona ilikoishia: Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Baadhi walikuwa wametumikia miaka mingi.

Ambao mlango wa kudumu bado uko wazi kwao ni walio tayari ndani ya utumishi. Mwalimu wa shule ya msingi au mtendaji wa kijiji mwenye miaka 48, aliyejisomea shahada Chuo Kikuu Huria huku akiendelea na kazi, hafungwi na sharti la 45. Anaomba kupitia kwa mwajiri wake na michango yake haipotei. Mtu wa namna hii, kwa maoni yetu, ndiye hasa anayefaa kuutazama utawala wa chuo kama hatua ya pili ya maisha yake ya kazi.

Nyaraka nazo zina mitego yake. Maombi hutumwa kwa mtandao, yanahitaji namba ya kitambulisho cha Taifa, cheti cha kuzaliwa na vyeti halisi vya shule. Hati ya matokeo haikubaliwi badala ya cheti. Watu wa umri huu wengi walizaliwa nyumbani, wakaandikishwa shule kwa jina la babu, kisha wakajiandikisha kitambulisho kwa jina la baba. Majina yakipishana, maombi hukwama. Nenda RITA na kwa wakili mapema, si wiki ya mwisho ya tangazo. Na anayekuomba fedha ili akuingize kwenye orodha ya usaili ni tapeli, hata akija na barua yenye nembo.

Vyuo binafsi havifungwi na kikomo cha serikali. Vinaajiri kwa mkataba, pengine mtu wa miaka 50 bila shida, na michango huenda NSSF. Huko pia miezi 180 ndiyo inayofungua pensheni, kwa hiyo anayeanza na 50 na kuacha na 60 atapewa mafao ya mkupuo tu, asipokuwa na michango ya zamani. Aliyewahi kufanya kazi kiwandani ujanani aitafute kumbukumbu yake, maana miezi ile inahesabiwa. Hata aliyejiajiri anaweza kuchangia NSSF kwa hiari tangu sasa, kabla ya kazi yoyote kupatikana.

Hesabu ya mshahara pia ifanywe bila kujipendelea. Kima cha chini serikalini kilipanda kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000 kuanzia Julai 2025. Ni nyongeza kubwa. Lakini mtu wa Kurui hawezi kwenda Mlimani na kurudi kila siku. Atapanga chumba, atakula mjini, na shamba atamwachia kibarua anayelipwa.

Kuna njia nyingine ya kula mkate wa chuo, ambayo wafanyabiashara wadogo hawaizungumzii vya kutosha. Vyuo hununua chakula, usafi, ukarabati na vifaa kwa zabuni, ambazo tangu 2023 hupitia mfumo wa NeST, na sheria ya manunuzi imetenga fungu kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Kikundi cha akina mama kilichosajiliwa kinaweza kuingia. Mwanamume wa miaka 47 ndiye aliyeachwa njiani, kwani si kijana tena na uzee bado hajaufikia.

Hapo ndipo tunapotofautiana na serikali. Kikomo cha 45 kwa ajira ya pensheni kina mantiki yake. Lakini kazi za mkataba wa mwaka mmoja au miwili, za stoo, mabweni na masijala, hazina pensheni ya kulinda, na sharti la umri halina cha kufanya humo. Ofisi ya Rais, Utumishi, ivielekeze vyuo vya umma kuzitangaza wazi kwa wenye miaka 46 hadi 58, na matangazo yabandikwe kwenye ofisi za kata, ambako mtu wa Kurui asiye na simu ya intaneti atayasoma mwenyewe.