Nyumba na Jamaa: Chombo cha Keki Kilipobadilika



Baada ya Idi alitujia mama mmoja wa hapa Gongoni, ambaye mwanawe twamsomesha chuoni, na moyo wake umejaa uchungu. Alioka keki ya mayai 3 kama ada yake. Ila chombo chake cha mviringo, chenye kipenyo cha sentimita 20, kilikuwa kimeazimwa, naye akatumia cha mraba cha sentimita 20 kila upande. Keki ikatoka nyembamba, kavu, na kingo zimeungua. Mumewe akamwambia mbele ya wageni kwamba amefuja mali. Sisi twasema kwamba mkono wa mama yule haukukosa, na maneno yale yangaliweza kungoja wageni waondoke.

Kosa ni kudhani kwamba 20 ya mviringo na 20 ya mraba ni sawa. Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad zama za Khalifa Al-Ma'mun (813–833), alieleza hesabu hii katika kitabu chake cha Al-Jabr: zidisha kipenyo kwa chenyewe, kisha utoe subui moja na nusu ya subui. Ishirini mara ishirini ni 400. Ukitoa hayo yabaki 314. Mraba unazo 400 kamili. Basi rojo lililosimama sentimita 5 katika mviringo litasimama pungufu ya 4 katika mraba, nalo huiva upesi zaidi. Mama yule aliliacha motoni muda ule ule wa siku zote. Mraba wa sentimita 18 ndio ungalimfaa, maana unazo 324.

Asiyependa hesabu na apime kwa maji. Tulimwomba mama ajaze vyombo vyote viwili kwa kikombe kimoja: wa mviringo ulimeza vikombe 7, wa mraba 9. Kwa hiyo kila kitu huongezwa kwa kadiri hiyo, na mayai 3 huwa 4. Chombo kikiwa kidogo, jaza thuluthi mbili tu, na rojo linalobaki litie katika vikombe vya bati kwa ajili ya watoto, ambao kwa hakika hawatalalamika.

Wenye harusi watahadhari zaidi. Kutoka kipenyo cha 20 kwenda 30 si kuongeza nusu: 30 hutoa 707, yaani zaidi ya maradufu!

Na kwa sisi tuokao kwa sufuria, makaa juu ya kifuniko na makaa chini: rojo likiwa jembamba, punguza ya chini kwanza, kisha funua mapema na uchome kijiti katikati. Kikitoka kikavu, ipua. Rojo likiwa na kina kirefu, moto uwe mdogo na subira iwe kubwa, ama sivyo juu pataungua na ndani pakabaki pabichi.

Mama yule ameoka tena Ijumaa iliyopita kwa mayai 4, katika chombo kile kile cha mraba. Kipande tulicholetewa chuoni hakikufika adhuhuri.