Wao Wana Tufaha, Sisi Kwale Tuna Embe

Nikiwa chuo, kabla karo haijanishinda, tulifunzwa kupika chakula cha majira ambayo Kwale hatuna. Nguruwe wa kuoka kwa ovena na sosi ya tufaha. Mwalimu akatuambia hicho ni chajio cha Oktoba na Novemba, wakati Ulaya majani yanapukutika na baridi inabisha hodi. Sisi huku jasho linatutiririka, nje mvua ya vuli inanukia, na tufaha zenyewe zina stika ya Afrika Kusini.

Nisieleweke vibaya. Nguruwe mimi nakula. Hoteli za Diani zinampikia mgeni, na anayejua kumpika vizuri anapata kazi. Shida yangu ni kwamba tulikaririshwa tufaha bila kuambiwa kwa nini tufaha.

Sababu ni rahisi. Nguruwe ana mafuta mengi na mafuta hukinaisha. Kitu kichachu chenye utamu kidogo hukata ule ukinaifu, ukaweza kuendelea kula. Basi. Ukishajua hilo, tufaha si lazima tena. Embe bichi la Msambweni linafanya kazi hiyo. Ukwaju unaifanya. Nanasi pia.

Na usidhani matunda kwenye nyama tumeletewa na watalii. Muulize mama yeyote wa Pwani anayechoma mishkaki: nyama ngumu anaipaka papai bichi ilainike, kisha ukwaju. Lile papai lina kimeng'enya kinachovunja nyama, ndiyo maana ukiilaza nalo usiku kucha inageuka uji. Sayansi hiyo imo majikoni mwetu, lakini chuoni sikuiona kwenye daftari hata siku moja.

Kuna jambo lililoniuma zaidi. Darasani tulikuwa na msichana wa Kidigo, Muislamu, mpishi hodari kutushinda sote. Siku ya mtihani akaambiwa aonje sosi iliyotokana na mafuta ya nguruwe. Akakataa kwa adabu. Alama zikakatwa. Hapa ni Kwale, wenyeji wengi ni Waislamu, na hakuna aliyewaza kumpa nyama nyingine apike kwa njia ileile.

Novemba iliyopita nikaalika mbogi yangu kejani Ukunda. Tulikuwa sita, watatu Waislamu, yeye akiwemo. Nikanunua mguu wa mbuzi. Nikaupaka kitunguu saumu, tangawizi, chumvi, pilipili manga na kijiko cha papai bichi, nikauacha saa moja. Ndani ya sufuria nikatandika vitunguu na vipande vya embe bichi, maji kidogo, nyama juu. Nikafunika, makaa chini na mengine juu ya kifuniko, moto wa taratibu kama saa mbili na nusu. Mwishoni ndipo nikapaka rojo la embe bivu, kwa sababu sukari ikiwahi motoni inaungua. Wewe unayetaka nguruwe, fuata hivyohivyo bila papai, ila hakikisha ameiva mpaka ndani. Tegu si mzaha.

Najua mtasema mgeni anataka chakula cha kwao. Jamani, mtu aliyepanda ndege Novemba kutoka Ujerumani amekimbia hiyo baridi. Kwa nini tumkimbize nayo mpaka Diani? Anayetaka tufaha apewe. Lakini mbona embe la hapa lisiwe kwenye menyu pia, wakati msimu ukikolea tunayaona yakioza chini ya miembe?

Kwa hivyo vijana mnaosomea upishi, chukueni ujuzi wote wa ovena. Ni mali. Ila mkifunzwa kitu, ulizeni kinafanya kazi gani, kisha angalieni shambani kwa bibi kuna nini cha kukifanya. Nanyi walimu, wekeni mtihani wa mbuzi kwa embe, na hakuna mwanafunzi atakayetolewa mezani.

Usiku ule sufuria ilirudi tupu. Yule dada alifuta rojo la mwisho kwa kipande cha chapati, akanitazama, akasema, "Huu mtihani ningeupita."

Nami nilijua anasema kweli.