Chanda Chema Kisichovikwa Pete

Wahenga walinena kuwa chanda chema huvikwa pete. Illakini yako mambo ya ulimwengu yanayotutia shaka na neno hilo, na mojawapo ni kisa cha mabibi watatu wa Detroit, Marekani: Jackie Hicks, Marlene Barrow na Louvain Demps. Kundi lao likiitwa The Andantes, nao walikuwa waitikiaji wa kampuni ya santuri ya Motown, aliyoiasisi Berry Gordy mwaka 1959.

Msomaji, huenda sauti zao wazijua, wenyewe huwajui. Wamo katika "My Guy" wa Mary Wells (1964), na katika "I Heard It Through the Grapevine" wa Marvin Gaye (1968). Four Tops walikuwa wanaume watupu. Zile sauti nyororo zinazoelea juu ya zao ni za mabibi hawa.

Kubwa kuliko yote ni hili. Mwaka 1968 ulitoka wimbo "Love Child" kwa jina la Diana Ross na Supremes. Waliomwitikia Ross katika santuri ile ni Andantes. Mary Wilson na Cindy Birdsong, walioonekana jukwaani, hawamo. Kwa jina la Andantes ilitolewa santuri moja tu, mwaka 1964, nayo haikufika mbali.

Kwa nini? Gordy aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha magari, na muziki aliuendesha vivyo hivyo: kila mtu na kipande chake, na mnunuzi haoni ila jina lililobandikwa mbele. Mwitikiaji alilipwa ujira tu. Faida ya mauzo haikumhusu. Mwaka 1972 kampuni ilipohamia Los Angeles, Andantes waliachwa Detroit.

Watasema baadhi ya watu kuwa waliridhia wenyewe. Naam, waliridhia ujira. Lakini kuridhia ujira si kuridhia kufutwa jina. Fedha huliwa zikesha. Jina ndilo analorithi mjukuu.

Nasi tusiwacheke Wamarekani. Katika taarabu zetu, mwimbaji hutunzwa na kutajwa. Wapokezi wake, ambao bila wao wimbo ni mkavu, ni wangapi tuwajuao? Enyi mnaotoa nyimbo, andikeni majina yao wangali hai. Wino haugharimu kitu.