Ubeti Mmoja, Soda Moja

Atokaye Webuye kwenda Kitale hupita Lugulu kabla ya kufika Misikhu, soko lenye njia panda ya kwenda Naitiri, wahudumu wa bodaboda wasiokosa habari, na hafla zisizokwisha: siku ya wazazi shuleni, harambee ya kanisa, fainali ya kombe la mwanasiasa, baraza la chifu. Hema hupigwa alfajiri, viti vya plastiki hupangwa, spika hufungwa, na mgeni wa heshima huchelewa. Gari lake likishaonekana ndipo mtu wa kamati hushtuka kwamba hakuna aliyepangiwa kuongoza wimbo wa taifa. Hutafutwa kijana wa kwaya, au msichana aliyekwisha kutoa nyimbo mbili tatu za injili kwenye YouTube, naye hukabidhiwa kipaza sauti ambacho hata hajakijaribu. MC hutangaza kwa mbwembwe: "Msanii wetu chipukizi!"

Akimaliza hupewa soda. Akibahatika, na nauli.

Mwenye hema amelipwa. Mwenye spika hakuteremsha hata waya mmoja kabla ya kuona malipo ya awali kwenye simu yake. Wapishi, mpiga picha, hata MC mwenyewe, wote wana bei zao na zinajulikana. Aliyeusimamisha umati mzima, mgeni wa heshima akiwemo, ndiye peke yake anayeambiwa kwamba amepewa "nafasi ya kujulikana". Chipukizi wa Bungoma na Trans Nzoia wameambiwa hivyo mara nyingi kuliko walivyosikia ujumbe wa M-Pesa ukiingia.

Na kazi yenyewe si nyepesi. Msanii akiteleza katika wimbo wake mwenyewe, hadhira hudhani ndivyo alivyoutunga. Wimbo wa taifa unajulikana na kila mtu, kuanzia mtoto wa chekechea hadi mzee mwenye bakora. Mwimbaji akianza juu mno, sauti humpasukia wimbo unapopanda katikati. Akianza chini mno, nusu ya hema hubaki ikinguruma bila maneno. Hana kinanda cha kumpa sauti ya kuanzia. Hakuna anayecheza wala kupiga makofi, kwa hiyo hakuna kelele ya kufunika kosa. Watu wamenyooka kimya, wanasikiliza kila silabi, na simu kadhaa tayari zinarekodi.

Wimbo huu ulizaliwa katika mazingira yaliyompa heshima zaidi mwimbaji wa kijijini. Mwaka 1963, uhuru ukiwa mlangoni, kazi ya kuuandaa walipewa wanamuziki watano: Graham Hyslop, Mwingereza aliyekuwa ameandika hata michezo ya kuigiza ya Kiswahili, George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, na Washington Omondi. Wangeweza kutunga kitu cha tarumbeta na ngoma za gwaride. Badala yake walichukua wimbo wa Wapokomo wa Tana River wa kubembelezea mtoto, na jina linalotajwa kuhusiana na tuni hiyo ni la Meza Morowa Galana. Kilichokuwa kinamlaza mtoto mchanga kikawa kinawasimamisha watu wazima. Bendera ya Kenya huru ilipopandishwa usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963, tuni iliyopigwa ilikuwa hiyo ya kina mama wa mtoni.

Asili hiyo inaeleza kwa nini wimbo huu haupendi mikogo. Vifungu vyake ni vifupi, umebeba kivuli cha simanzi, na ulikusudiwa koo la mtu yeyote. Hapa lawama lazima ziwafikie chipukizi wenyewe. Wapo wanaoushika kama jukwaa la mashindano: silabi moja inavutwa, inapindwa, inapandishwa ngazi nne na kuteremshwa tatu. Umati huanza pamoja naye, hubaki nyuma, kisha hunyamaza na kumtazama. Video yake itapendeza, lakini watu mia tatu waliokuwa tayari kuimba wamegeuzwa watazamaji.

Mtindo huo umetoka kwenye runinga ya Marekani, ambako mwimbaji mmoja huimba na uwanja husikiliza. Huko nako haukupokewa bila kelele. José Feliciano alipouimba wimbo wa taifa kwa gitaa lake kabla ya mechi ya fainali za besiboli mjini Detroit mwaka 1968, watazamaji wengi walikasirika, na baadhi ya vituo vya redio vikaacha kucheza nyimbo zake. Whitney Houston aliusimamisha uwanja wa Tampa mwaka 1991 kwa mpangilio uliobadilisha hata mapigo ya wimbo, na hadi leo watu wanausifu. Lakini sauti iliyosikika siku ile ilikuwa imerekodiwa kabla, pamoja na okestra, baada ya maandalizi ya kutosha. Anayemuiga Whitney pale Misikhu kwa kipaza sauti kinachokoroma anaiga tunda bila kuona shamba.

Mfano ulio karibu zaidi uko nyumbani. Wabukusu wana mwongozaji na waitikiaji. Mwezi wa Agosti wa mwaka wa tohara, kijana anapozungushwa kwa jamaa zake kuwaalika, anayeanzisha wimbo hapimwi kwa urefu wa sauti yake pekee. Anapimwa kwa jinsi kundi linavyomwitikia hadi vumbi linapanda. Akiimba mambo yasiyoitikika, watamwacha barabarani na kumfuata mwingine. Mwongozaji wa wimbo wa taifa ni mtu wa aina hiyo. Na kama tatizo ni sauti ya kuanzia, eneo hili lina wapigaji wa litungu: nyuzi mbili tatu zikiguswa kabla ya ubeti wa kwanza, hema zima lingejua pa kuanzia.

Vipaji havijakosekana. Shule ya wasichana pale Misikhu ina jina la Mtakatifu Sesilia, ambaye Wakatoliki humhesabu kuwa msimamizi wa wanamuziki. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, bado huwapandisha wanafunzi ngazi kwa ngazi mbele ya waamuzi wanaosikia hata pumzi iliyokatwa mahali pasipofaa. Shule ikiisha, ngazi hiyo hukatika. Tarehe 1 Juni 2024, sherehe ya taifa ya Madaraka ilipofanyika katika uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi, kaunti nzima ya Bungoma iliona jinsi sherehe inavyopangwa wimbo unapochukuliwa kwa uzito. Bendi za jeshi zinazohudumu siku kama hizo zina sare, zina mazoezi, na zina mshahara. Hakuna anayemwambia mpiga tarumbeta wa jeshi kwamba malipo yake ni kujulikana.

Kamati nyingine hukwepa shida yote kwa kuweka flashi. Hiyo ni nafuu ya uvivu. Umati huwa unatingisha midomo tu, na siku wimbo ukichezwa moja kwa moja kutoka YouTube, tangazo la mkopo wa simu linaweza kukatiza ubeti. Heri sauti ya binti iliyotetemeka kidogo.

Kinachotakiwa si kikubwa. Jina la mwimbaji liandikwe kwenye ratiba pamoja na la mchungaji wa kuomba. Apigiwe simu wiki moja kabla. Ajaribu mitambo kabla watu hawajafika. Alipwe kiasi kilichokubaliwa, hata kikiwa kidogo. Deni la waimbaji na watunzi si geni katika ukanda huu: George Kakoma, aliyetunga tuni ya wimbo wa taifa wa Uganda mwaka 1962, alifika mahakamani uzeeni kuidai serikali haki zake, na akafariki mwaka 2012. Naye chipukizi ajifunze beti zote 3 za wimbo wa Kenya. Maneno na noti zake zimo katika jedwali la pili la Katiba ya 2010, kwa hiyo hakuna sababu ya kubuni.

Tena kuna wimbo wa pili. Tangu viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walipouidhinisha wimbo wa jumuiya hiyo mwaka 2010, hafla nyingi rasmi huuweka mara tu baada ya wa taifa, na katika kaunti inayopakana na Uganda hilo ni jambo la heshima kwa jirani. MC huomba watu waendelee kusimama. Mgeni wa heshima hukohoa, diwani hutazama viatu vyake, walimu hukumbuka kiitikio tu, na hema zima humgeukia yule msichana wa soda kumsoma midomo.